Bwana Itifaki Ang'atuka: Miaka Thelathini na Minne ya Kupokea Wageni

Tarehe thelathini ya mwezi huu, Mkuu wa Kitengo cha Kuasili Watoto, ambaye ofisi nzima inamfahamu kwa jina la Bwana Itifaki, atastaafu rasmi baada ya kulitumikia shirika letu kwa miaka thelathini na minne. Kamati ya jarida ilitafuta mtu wa kuandika wasifu wake. Mhasibu akasema jino linamuuma, katibu muhtasi akasema ana mgonjwa nyumbani, na wale wawili wa masjala wakaomba likizo kwa mpigo. Jumba bovu likaniangukia mimi wa ustawi wa jamii, na nikaagizwa nimsifu. Basi nitamsifu, tena kwa mambo aliyoyafanya kwa mikono yake.

Bwana Itifaki aliajiriwa akiwa karani wa mapokezi, na kwa maoni yangu moyoni hakupanda cheo tena. Ukuu alipewa, gari alipewa, kiti cha kuzunguka alipewa, lakini roho yake ilibaki palepale mlangoni, inasubiri mgeni wa kumhutubia. Kitengo chetu kina kazi moja nyepesi kueleza. Watu wanaotaka kulea wanasafiri kutoka nchi za mbali, wanashuka uwanja wa ndege wakiwa hoi, wanakutana na mtoto asiye na wazazi, mahakama inatoa amri, wanakuwa familia. Yeye aliitengenezea kazi hiyo sherehe, halafu kazi akaisahau akabaki na sherehe.

Mafanikio yake hayana idadi. Ndiye aliyenunua kipaza sauti cha betri ili kuwahutubia watu wawili waliosimama mbele ya pua yake. Ndiye aliyeweka utaratibu kwamba mgeni hakabidhiwi mtoto mpaka asikilize hotuba, atie saini kitabu cha wageni, na apigwe picha, kwanza na menejimenti, kisha na kamati, kisha na Bwana Itifaki peke yake. Kwa kuuza sura hana mpinzani. Mama mmoja aliyekuwa hajalala tangu alipopanda ndege kwao alizimia katikati ya picha ya pili. Mkuu wetu akaagiza aegemezwe kwenye nguzo, picha isiharibike. Picha hiyo imetundikwa ofisini kwake mpaka leo: mama amefumba macho, mkuu anatabasamu.

Wageni wengine, mume na mke, walitokea mlango wa pembeni wa uwanja na kutukuta bado tunafunga kitambaa cha KARIBUNI. Bwana Itifaki alinuna kama mtu aliyeporwa. Akawaomba, kwa ule upole wake wa kutisha, warudi ndani watokee tena kwa mlango wa mbele ili wapokelewe inavyopasa. Watu wa watu wakarudi. Askari wa ulinzi akawazuia kutoka, maana kwa sheria zake mtu aliyekwisha toka hana ruhusa ya kuwa ndani, hivyo ilibidi kwanza waeleze wameingiaje. Wakatoka jioni, na hotuba wakaipata yote, haikupunguzwa hata salamu.

Ila fahari yake kubwa ilikuwa Binti Maua. Hilo si jina lake. Ni kazi yake. Aliletwa kwenye nyumba ya watoto iliyo nyuma ya ofisi yetu akiwa wa miaka minne, na wiki ileile mkuu akamwona anatabasamu bila kuambiwa. Akashonewa gauni jeupe. Tangu hapo, kila wageni walipowasili, yeye alipelekwa uwanjani kuwakabidhi maua, kupiga goti, na kusema, "Karibuni sana wageni wetu, jisikieni mko nyumbani." Baada ya hapo utaratibu ulimtaka arudi haraka kwenye gari dogo la ofisi, akae kimya, asiingie kwenye picha.

Mara za mwanzo alikuwa akimuuliza Shangazi, yaani mlezi wao, kama hawa ndio waliomfuata yeye. Shangazi akawa anamjibu kwamba hapana, hawa ni wa mwenzako. Baadaye akaacha kuuliza.

Watoto wengine walijaribiwa wakashindwa. Walilia, walijificha nyuma ya sketi ya Shangazi, na mmoja aliyatafuna maua. Binti Maua hakukosea hata siku moja, na hapo ndipo alipoponzeka. Kila faili lake lilipofika mezani kwa mkuu, lilipigwa kalenda. Halijaiva, alisema. Gauni likashushwa pindo mwaka baada ya mwaka mpaka pindo likaisha, wakamshonea jingine. Siku moja kikaoni mkuu aliulizwa wazi kwa nini mtoto huyu hapewi wazazi, naye akajibu, "Sasa huyu akiondoka, maua atatoa nani?" Kikao kikacheka. Mimi mpaka leo sijaona palipochekesha.

Mungu si Athumani, wakubwa wakampeleka Bwana Itifaki kwenye kozi ndefu ya uongozi, ambayo kama ilimfundisha kitu basi alikiacha hukohuko. Nyuma yake alikaimu mama mmoja asiye na mbwembwe, anayesaini kinachopaswa kusainiwa na kwenda nyumbani. Faili la Binti Maua likatembea. Mkuu aliporudi alikuta mtoto ameshapata wazazi, mwanamke mwoka mikate na mumewe dereva wa treni, tarehe ya mahakama imepangwa na tiketi za ndege zimekatwa. Cha kuzuia hakuna tena. Kilichobaki mikononi mwake ni mapokezi.

Tukamuuliza, safari hii maua atatoa nani? Akatutazama kama wendawazimu. Itifaki, alisema, haibadilishwi kwa sababu ya mtu mmoja, na mtoto mwenye uzoefu yupo. Tena mtoto asiambiwe lolote, asije akalia akavuruga shughuli. Shangazi alionywa kwamba akifungua mdomo atajikuta amehamishiwa bohari.

Kwa hiyo, mabibi na mabwana, tulifanya jambo ambalo sidhani kama ofisi nyingine yoyote ingeliweza. Tulimpeleka mtoto kuwapokea wazazi wake mwenyewe bila kumwambia.

Walitoka na mizigo yao, mwanamke amekumbatia sweta dogo la manjano, na wakamtambua papo hapo kutokana na picha waliyotumiwa. Mwanamke akapiga magoti sakafuni, mikono ameifungua. Binti Maua akamwekea maua kwenye mikono ile. Akapiga goti, akasema maneno yake bila kukosea, akageuka, akaenda zake garini kwa mwendo wa mtu aliyemaliza kazi. Bwana Itifaki akawasha kipaza sauti.

Mwanamke alibaki pale chini. Alimgeukia mkalimani, akamuuliza kama mtoto amewakataa. Mkalimani naye akamuuliza mkuu. Na mkuu, ninaapa, alijibu kwamba maswali yatapokelewa mwishoni mwa hotuba. Nimefanya kazi na watu wa kila aina, wavivu, walevi, wenye visirani, lakini sijawahi kumdharau mtu kazini kama nilivyomdharau yeye dakika ile.

Mwanamke hakusubiri mwishoni. Alimkabidhi mumewe maua, akainuka, akampita mkuu katikati ya sentensi, akatoka nje. Nikaachia ncha yangu ya kitambaa cha KARIBUNI, nikamfuata. Alipita kwenye maegesho akichungulia gari moja baada ya jingine, mpaka akaliona gauni jeupe. Akafungua mlango, akaingia, akakaa.

Binti Maua alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgeni aliyepotea. Akamwambia, "Mama, umekosea gari. La wageni ni lile kubwa pale." Mwanamke hakuelewa neno. Mtoto akarudia, taratibu zaidi, kwa sauti zaidi, huku akimwonyesha kwa kidole. "La wageni ni lile, mama. Hili ni letu sisi."

Shangazi alikuwa kiti cha mbele. Nilimwona akifuta uso kwa kanga yake, kisha akageuka nyuma, na onyo la bohari likaenda zake. "Hajakosea, mwanangu," alisema. "Huyu ni wako."

Mtoto aliuliza, "Wa kwangu mimi?" Aliuliza mara tatu. Hotuba ilikuwa bado inasikika kutoka ndani.

Taarifa ya mkuu ya siku ile inasema mapokezi yalifana. Binti Maua sasa anaishi kwao, na anaitwa jina lake. Shangazi hajahamishwa, na yule mama asiye na mbwembwe ndiye anayekabidhiwa kitengo.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, tunakushukuru, Mkuu, kwa kuufikia umri wa kustaafu. Tunakuombea afya, usingizi mnono na uzee wenye raha. Nenda salama ukapumzike, na watoto nao wapumzike.