Kilima cha Godefroid

Benchi liko mbele ya meza yangu ya kahawa, kando ya barabara ya malori, hapa Kolwezi. Wanaolikalia kila asubuhi ni watatu: Barnabé, fundi wa simu, tunayemwita Injinia, Papy, dereva wa lori la kwenda Dilolo, mpakani, tunayemwita Balozi, na Godefroid, mume wangu, ambaye hakuna anayethubutu kumpa jina kwa sababu kahawa naimimina mimi. Siku hiyo saa nne mtu angempigia simu kununua nyumba yetu, ile ya vyumba vitatu na watoto watano. Godefroid alitaka kuiuza anunue kiwanja kitupu juu ya kilima, akikodishe kwa kampuni ya simu.

— Kampuni gani, Baba Abigaël? nilimwuliza.

— Yoyote. Itakuja.

Injinia akamtetea.

— Mama Abigaël, sikia. Fibre, ile waya ya internet, banaizika chini, na hapa kwetu chini kila mutu anachimba. Leo banaizika, kesho imekatwa. Njo maana pilone, ile minara ya simu, zinaongea kwa hewa, na zile sahani za antena. Sahani moja inaangalia ingine. Soko iko kubwa!

— Na mvua?

— Inasumbua kidogo tu.

— Kidogo? Juzi na ile mvua niliita dada yangu Yolande kwa simu mara sita. Nilisikia tu kama banakaanga samaki.

— Hiyo ni mambo ya batoto, akasema Balozi. Sahani lazima zionane. Mwenye mulima njo mwenye network! Simu zote za Dilolo zitapita juu ya kichwa ya Godefroid.

— Na motokari za Ulaya, Injinia akaongeza. Cobalt ya betri zao inatoka kwetu. Siku moja zitauliza njia kwa ile mulima.

— Na kunguru akipita katikati ya sahani mbili? nikauliza.

— Batamuandika! akasema Balozi. Atalipa taxe!

Godefroid alitabasamu kama mtu aliyekwisha kuhama. Nilimwuliza watoto watalala wapi kule juu. Akasema pilone huwa na taa.

Mbombo, mama aliyehamia wiki ile kutoka Fungurume, alikuwa ametua beseni lake la mboga na kuomba kikombe. Alikunywa akikitazama kile kilima.

— Kwetu pia mulima ilikuwa mbele ya nyumba, akamwambia Godefroid. Kampuni ya shaba ilichimba yote, leo ni shimo. Tata, ile ya kwenu, bataiacha pale mpaka lini?

Injinia akakoroga kahawa isiyo na sukari. Balozi akageukia lori lililokuwa likipita limejaa mawe ya shaba.

Saa nne simu ya Godefroid ikalia. Aliiangalia hadi ikakaribia kukatika, kisha akaninyooshea.

— Jibu weye.

Nilimwambia yule mtu kwamba nyumba haiuzwi. Alinisikia mara moja. Mtandao ulikuwa safi kabisa.