Josephat Nzomo Kitonga na Ahadi Aliyopewa na Mulinge

Marehemu Josephat Nzomo Kitonga alizaliwa Tulia, Kitui, tarehe 14 Machi 1970, kifungua mimba wa marehemu Mzee Kitonga na Mama Nzisa. Mdogo wake ni Mulinge, ambaye leo amekaa pale mbele na wazee wenzake wa kanisa.

Alisoma shule ya msingi hapo Tulia, akamaliza darasa la nane mwaka 1986. Sekondari aliiacha kidato cha pili. Alisema ubaoni hakuna mbuzi.

Kuanzia mwaka 1989 alinunua mbuzi soko la Kabati, huku Kitui, na kuwauza Nunguni, Makueni. Hakununua kwa macho. Alimshika mbuzi mgongo, akamfungua mdomo, ndipo abishane bei.

Nunguni ndiko alikompata Nduku. Siku ya kupeleka mbuzi wa ntheo, wale wa kuposa kwa desturi yetu, baba mkwe alilalamika kwamba mmoja amekonda. Nzomo akamjibu, "Hajakonda, mzee. Amechoka. Ametoka Kitui mbio kama mimi." Harusi ilifungwa kanisani tarehe 12 Desemba 1998.

Mwaka 2015 alitoa damu, akaitwa na kuambiwa ana virusi vya homa ya ini aina ya B, aende kliniki. Hakwenda. Nzomo hakuwahi kuonja pombe, na kwetu ugonjwa wa ini tunausema ni wa walevi; aliogopa kanisa liseme anakunywa kwa siri. Isitoshe, hakuwa anaumwa popote. Tumbo lilipokua tulimsifu kwamba biashara imemkubali, kumbe mafuta yalikuwa yamejaa hadi kwenye ini. Daktari alieleza baadaye: virusi, pengine vya tangu utotoni, vililiumiza ini pole pole, mafuta yakaongezea, likajaa makovu, na kwenye makovu hayo ikaota saratani. Iligunduliwa Februari 2025, macho yakiwa yamegeuka manjano.

Kitandani hakutulia. Kila aliyeingia kumwona aliulizwa kama amepimwa. Nduku na watoto walikwenda. Mulinge, aliyezaliwa naye tumbo moja, aliahirisha kila wiki. Mzee wa kanisa ataonekanaje kwenye foleni ya ini? Mwisho akasema ataenda wakimaliza mambo haya.

"Mambo gani?" Nzomo akauliza.

Mulinge akamrekebishia blanketi.

"Sema tu mazishi. Sawa. Nikizikwa, kesho yake uende. Na wakisoma habari zangu, wasome na hiyo."

Wakapeana mikono kama watu wa sokoni.

Nzomo alifariki mchana wa tarehe 9 Juni 2025, akiwa na miaka hamsini na mitano. Amemwacha mjane wake Nduku, binti yake Yvonne na mwanawe Muindi, ambao wote wamepimwa. Amemwacha pia mdogo wake Mulinge, ambaye hajapimwa. Leo ni Alhamisi. Kesho kliniki ya Kabati inafunguliwa asubuhi, na Nduku amesema atampitia Mulinge nyumbani kabla hajapata safari nyingine.

Nzomo apumzike kwa amani. Mulinge, bado.