Kila Kiti na Mahali Pake

Naanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi kabla hajamuumba wa kuitembea, Ambaye hakuna lango lililofungwa likamshinda kulifungua wakati Aupendao. Sifa zote ni Zake, na rehema Zake ziwafikie waja wema waliotutangulia.

Mheshimiwa Meya, mgeni wetu wa heshima, waheshimiwa madiwani, viongozi wenzangu wa dini, Bibi Msanifu pamoja na mafundi wako wote, wazee wenzangu, akina mama, ndugu wafanyabiashara wa barabara zinazouzunguka uwanja huu, na ninyi watoto mliokwisha kuukalia ukingo wa chemchemi kabla haujafunguliwa rasmi: namsalimu kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo namsalimu kwa utu wake, ambao ndio cheo alichopewa na Mola wake.

Nimeombwa niseme machache kwa niaba ya wakazi. Mshereheshaji wetu, ambaye mtaa mzima tunamwita Bwana Safu, ameninong'oneza hapa pembeni, "Mzee, kwa ufupi tu." Nimemjibu, "Mwanangu, ufupi nilijaliwa wa kimo. Wa maneno sikujaliwa." Basi nivumilieni.

Ndugu zangu, leo asubuhi nilipokata kona ya posta nisiyaone yale mabati yaliyouzunguka uwanja, nilisimama. Nilishusha pumzi. Nikatazama huku na huku, nikaona na wengine wamesimama vilevile, mikono kiunoni, wanashusha pumzi. Nikajua kumbe sote tulikuwa tumeibana muda mrefu.

Mnaukumbuka uwanja wa zamani. Sakafu ilikuwa imepasuka, taa zake zikiwaka zinapotaka zenyewe, na mabenchi yake ya mbao yaling'aa, si kwa rangi, bali kwa kukaliwa. Haukuwa mzuri, lakini ulikuwa na watu. Kisha ukazungushiwa mabati kwa ajili ya matengenezo. Matengenezo yakasimama, mabati yakabaki. Je, kuna aliyekufa kwa kukosa uwanja? Hapana. Maduka yalifunguliwa, magari yalipita, kila mtu akaenda kazini na kurudi. Lakini fundi viatu hakujua kwamba mama wa maua amelazwa hospitali hadi siku aliporuhusiwa kutoka. Majirani wa ngazi moja wakaanza kusalimiana kwa nyusi. Ugomvi mdogo, ambao zamani ungeisha kwa watu wawili kukutana hapa bila kupanga, ukawa unakaa ndani ya nyumba na kunenepa.

Naomba niulize swali ambalo nimelitafakari kwa utulivu wa umri wangu. Nyumbani kwangu naketi na wale niliopewa na Mungu. Kazini niliketi na wale niliopangiwa na mwajiri. Katika nyumba ya ibada nasimama bega kwa bega na wale tunaoelekea upande mmoja. Je, ni wapi nitaketi na mtu asiye ndugu yangu, asiye mwenzangu wa kazi, asiye wa imani yangu, wala hana cha kuniuzia, nikamuuliza habari ya mguu wake, naye akaniuliza habari ya jicho langu? Ni mahali kama hapa, ndugu zangu, ambapo hakuna anayekuuliza umealikwa na nani, wala umekuja kununua nini. Mji unaweza kuwa na barabara pana na majengo marefu. Ukikosa mahali pa kukaa bila sababu, wakazi wake ni wapita njia tu, hata wakiishi humo maisha yao yote.

Hayo nisingeyajua kwa kusoma. Nimefundishwa na shemeji yangu.

Shemeji yangu ni fundi saa mstaafu, na alimwoa dada yangu, aliyenifuata kuzaliwa. Nyumba yao ni ile ya juu kabisa, katika jengo linalotazamana na duka la dawa. Kila alasiri wawili hao walikuwa wakishuka, kila mmoja na kiti chake mkononi, maana mabenchi ya zamani hayakuwa na viegemeo, na mgongo wa dada yangu haukuyaweza. Kiti chake kilikuwa cha plastiki, chekundu, mkono mmoja umefungwa kwa waya. Wengi wenu mlikaa karibu na kiti kile. Wengi wenu mlikemewa kutoka kwenye kiti kile.

Dada yangu aliitwa na Mola wake wakati mabati yamesimama. Tulimzika, tukamaliza matanga, wageni wakaondoka. Shemeji yangu akapanda ngazi, na hakushuka tena. Nilikuwa nikienda kumwona, tunaomba pamoja, ananipokea kwa adabu zake zote. Nikimwambia, "Shemeji, shuka kidogo upate hewa," ananitazama na kuniuliza, "Shemeji, nishuke niende wapi? Nikayatazame mabati?"

Nimefundisha dini miaka mingi, na watu huniletea maswali magumu. Swali lile nilishuka nalo ngazi zote. Siku moja mpwa wangu, binti yake, ambaye ni muuguzi na anayajua maradhi, alinisindikiza hadi mlangoni na kuniambia, "Mjomba, baba anapungua. Nimempima kila kitu. Haumwi. Anapungua tu."

Ndipo Mwenyezi Mungu akatuletea Bibi Msanifu. Mheshimiwa Meya, hapo nakushukuru wewe uliyemteua. Katika mkutano wa wakazi alitandika mezani mchoro uliokuwa umekwisha kupitishwa: mabenchi ya mawe laini, yasiyo na viegemeo, yote yameizunguka chemchemi na kuitazama. Ulikuwa mchoro wa kupendeza, nasi tukapiga makofi. Yeye hakupiga. Alisema, "Wazee wangu, mchoro huu unamfaa mtu anayepita. Mtu anayekaa, bado simjui." Akatuomba jambo ambalo hatujapata kulisikia. Mabati yatafunguliwa upande mmoja kwa wiki moja. Kila nyumba ilete kiti chake, kila mtu akae apendapo, na jioni akiache palepale alipokaa. Wiki ikiisha, atakuja na wapimaji kuchora duara kuzunguka kila kiti, na hapo ndipo benchi litakapojengwa. Wasipopata cha kupima, basi, kesho yake magari ya zege yanafika, nayo yatamwaga kwa mchoro ule wa kwanza.

Mnakumbuka tulivyocheka? "Kiti changu cha sebuleni kilale nje?" "Kwani kitaogopa giza?" Lakini vilikuja: vya mbao, vya chuma, stuli za jikoni, na sofa moja iliyobebwa na wanaume wanaolalamika njia nzima. Siku ya kwanza vilikaa ovyo. Baadaye vikaanza kuhama vyenyewe, kana kwamba vina akili. Vya asubuhi vikasogea kwenye kivuli cha ukuta wa posta, na vya alasiri vikavuka kwenda upande wa duka la dawa. Wala havikutazamana uso kwa uso kama mtu na askari anayemhoji, wala havikuelekea upande mmoja kama abiria. Vilielekeana kwa mshazari, kama watu wanaotaka kuzungumza lakini wanaachiana ruhusa ya kunyamaza. Chemchemi haikutazamwa na mtu, isipokuwa watoto.

Naye mpwa wangu, bila kumshauri yeyote, alikichukua kile kiti chekundu, akasimama mlangoni, akasema, "Baba, kiti cha mama nakishusha. Ukikitaka, kipo chini." Akakiweka mahali pake pa zamani. Kuanzia siku ile baba yake alihamia dirishani.

Sasa nafika kwa Bwana Safu, ambaye naona ameanza kutafuta kazi ya kufanya nyuma ya spika. Usikimbie, mwanangu, tunakupenda.

Asubuhi ya siku ya mwisho Bwana Safu alipata habari kwamba Mheshimiwa Meya atafuatana na wapimaji. Akautazama uwanja, akaona aibu. Mgeni mkubwa aje akute viti vimetawanyika kama nyumba inayohamwa? Mtu huyu ndiye anayetupambia harusi na kutufungia mahema, na mkono wake hauwezi kuona viti viwili usivipange. Akawaita vijana wake. Walivifuta vumbi kimoja kimoja, wakavipanga safu zilizonyooka, njia katikati, sofa mbele, stuli nyuma. Kazi safi kabisa. Bibi Msanifu alipofika, Bwana Safu alimpokea kifua mbele na kumuuliza, "Umependa?"

Bibi Msanifu alikaa kwenye stuli ya mwisho, akafunika macho kwa kiganja. "Kesho zege linamwagwa," alisema. "Nitapima nini? Nimwambie nani nini?"

Fundi viatu akapaza sauti, "Huyu hata peponi atafika awapange malaika mstari!" Mola amsamehe fundi viatu, nami anisamehe, kwa kuwa nilicheka. Mama wa maua naye akaja juu: "Cheka, cheka! Kesho utakalia jiwe lisilo na mgongo, ndipo ucheke vizuri!" Kila mtu akawa anasema, hakuna anayesikiliza.

Kisha vichwa vikageuka, kimoja baada ya kingine. Niligeuka kuona wanatazama nini.

Shemeji yangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jengo lao. Alivaa ndara, vifungo vya shati vimepishana, na kifua kinapanda na kushuka kwa zile ngazi. Akauliza kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu msibani: "Nani amekipanga kiti cha mke wangu kama yuko mkutanoni? Mke wangu hakupenda mikutano!"

Bwana Safu alijificha nyuma ya sofa. Mzee akaingia katikati ya safu, akasukuma stuli huku na huku, akakitoa kile kiti chekundu, akakibeba kupitia mbele yetu sote hadi ukutani mwa duka la dawa. Akakitua. Akakigeuza kidogo. Akasema, "Hapana." Akakigeuza tena. Halafu akasimama akitazama nafasi iliyo wazi kando yake, muda wa kutosha kwa mtu kuomba dua fupi, nami niliomba. Akamgeukia binti yake. "Na changu? Si kiko juu? Kaniletee."

Mpwa wangu ananiambia amezipanda ngazi zile tangu utotoni, na hajawahi kuzipanda kama siku hiyo.

Bibi Msanifu akafuta macho, akasimama. "Kila mtu afanye kama mzee!" Hapo uwanja mzima ukainuka. Kila mmoja akakifuata kiti chake na kukirudisha kilipokuwa. "Hapa palikuwa pangu!" "Pako palikuwa kule juani, usijifanye." "Sogea, mama, unanizibia kivuli." Wapimaji wakapita nyuma yetu na chaki. Mheshimiwa, wewe uliingia wakati huohuo, ukakuta watu wazima wamejitwisha viti vichwani. Ukauliza, "Jamani, mnahama?" Nami namkumbuka mama wa maua akikujibu, "Hapana, Mheshimiwa, tunarudi."

Kwa hiyo, ndugu wageni waalikwa, mkiyaona mabenchi haya yamekaa mshazari, msidhani fundi alikosea vipimo. Mkiona kila benchi lina kiegemeo, mjue kuna mgongo uliokihitaji. Mkiona lina mikono pande zote mbili, ni kwa ajili ya mzee anayetaka kuinuka bila kumwita mtu. Kivuli kipo cha asubuhi na cha alasiri. Maji ya kunywa yapo. Choo kipo na ni safi, nasi tukitunze kiendelee kuwa safi. Na pale penye ngazi upo pia mteremko kwa anayetembea kwa magurudumu. Hayo yote tuliyaandika kwa viti, na Bibi Msanifu alikubali kuyasoma.

Bwana Safu mwanangu, nakuambia mbele ya watu hawa: silishukuru kosa lako, namshukuru Aliyelitumia. Mimi niliomba kwa muda mrefu shemeji yangu ashuke, na nilidhani atashushwa kwa faraja. Mola wangu alimshusha kwa hasira, na ndani ya hasira ile akamtilia uhai.

Shemeji yangu hayupo kwenye hema la wageni. Nilimfuata asubuhi palepale alipokaa, nikamwambia ametengewa kiti meza kuu. Akasema, "Shemeji, nitakusikia kutoka hapa." Mtamwona ukutani mwa duka la dawa, katika benchi lililojengwa pale kilipotuliwa kiti chekundu. Amevaa vizuri leo. Vifungo vyote vimekutana.

Nina ombi moja, Mheshimiwa. Ukishakata utepe, naomba usiondoke mara moja. Safu hizi za leo ni za heshima yako, na tumezikubali. Lakini hotuba zikiisha, uinuke wewe wa kwanza, ubebe kiti chako kwa mikono yako, ukakiweke utakapo, ukae. Sote tutainuka baada yako, kila mtu na chake. Huo ndio utakuwa ufunguzi.

Nakushukuruni, Mheshimiwa na ndugu zangu wote, kwa kunipa masikio yenu na subira yenu. Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zenu, milango yake na waliomo. Awaponye wagonjwa wenu, awatulize wenye msiba, awape watoto wenu wazee wa kukaa nao na wazee wenu watu wa kuzungumza nao. Asimwache hata mmoja wenu apungue peke yake nyuma ya dirisha. Amina.

Sasa naomba ruhusa niteremke. Shemeji yangu amesogea mwisho wa benchi, na ananionyesha kwa mkono kwamba kivuli kimefika.