Ukuta Ambao Haukupakwa Rangi

Padre, wazee wa ukoo, majirani wa Katelembo na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu Jumamosi hii mkaja kutusitiri, kabla historia ya marehemu haijaanza kusomwa familia inaomba kueleza mambo mawili, maana tangu asubuhi watu wananong'ona. Kwanza, picha iliyo kwenye fremu hapo juu ya jeneza haikuwekwa kimakosa, ingawa haina mtu ndani yake. Pili, mtakapoingia sebuleni kupata chakula mtaona kuta tatu zimepakwa rangi mpya na ya nne imeachwa, msidhani rangi iliisha, mnaombwa tu msiegemeze viti hapo. Mengine yatajieleza njiani, na yasiyojieleza hata sisi wenyewe bado hatujayaelewa.

Marehemu Urbanus Musili Maundu alizaliwa tarehe 9 Machi 1950 huko Katangi, Yatta, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Maundu na marehemu Mama Nthambi. Alisoma shule ya msingi papo hapo Katangi kuanzia mwaka 1958 hadi 1965, akapita mtihani vizuri, lakini kiangazi cha mwaka ule kiliua ng'ombe wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja hakutosha karo, basi safari ya sekondari ikaishia mlangoni.

Januari 1967 alifika Machakos mjini, akaandikwa kazi ya kufagia kwa fundi wa picha aliyeitwa Mzee Kimeu, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kufagia bila kuchungulia, baada ya miaka mitatu alikuwa akiosha picha mwenyewe katika chumba cha giza. Mwaka 1974 alifungua studio yake nyuma ya soko, akaiendesha hadi 2011, simu za mkononi zilipomfungia mlango. Wengi wenu hapa mlipigwa picha ya kitambulisho na mkono wake, mkaambiwa mnyanyue kidevu, na msibani ni yeye aliyekuwa akiikuza picha ya kitambulisho cha marehemu ili iwekwe mahali kama hapo mbele.

Lakini ukweli usemwe, kulikuwa na upande wake mwingine uliotutatiza. Filamu ikibaki picha mbili tatu, mtu wetu hakuzimaliza kwa watoto wake kama mafundi wengine, alizimaliza kwa kibuyu kilichopasuka, kwa bango la duka ambalo maandishi yake yamebaki nusu, kwa mahindi yaliyokauka kabla ya kuzaa. Mama Kasyoka, jirani yetu, alimwomba amfutie makunyanzi kwenye picha ya jubilei ya kanisa, akakataa katakata, akamwambia kuwa hayo ndiyo aliyokuja kuyapiga. Mama huyo alimnunia miaka miwili. Wengine walisema Musili amerogwa, wengine wakasema ni dawa za chumba cha giza zimemwingia kichwani, na yeye akiulizwa alijibu kwamba kitu kikianza kuondoka ndipo kinapoonekana, kisha akaomba chai.

Marehemu alifunga ndoa na Kaluki binti Ndunda tarehe 16 Desemba 1978, siku ya Jumamosi, na Mzee Kimeu ndiye aliyewapiga picha, bwana harusi akiwa na suti ya kahawia ya kuazima na bibi harusi akicheka hadi mwanya wake wote ukaonekana. Mwaka uliofuata walijenga nyumba hii, wakaipaka kijani ndani, na marehemu akaitundika picha ile kwenye ukuta unaotazamana na dirisha la mashariki, pale pale ambapo jua hupiga kila asubuhi. Mama alimwambia kuwa jua litaila, yeye fundi wa picha akijua hilo kuliko mtu yeyote Machakos nzima, na bado hakuihamisha. Tena kila tulipotaka kuipaka nyumba rangi upya, alikataa bila kutoa sababu.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Mbinya mwaka 1980, Muthoka 1983 na Kavutha 1988. Huyo Mbinya, kifungua mimba, anayefanya kazi Mlolongo na kuishi huko, ndiye anayewasomea historia hii, na sehemu inayofuata aliiandika mwenyewe, akaifuta, akaiandika tena.

Mwishoni mwa Novemba 2018, ndoa ya wazazi ikikaribia kutimiza miaka arobaini, Mbinya aliiona picha ya harusi ikiwa imefifia hadi nyuso zimekuwa kivuli, akaona huruma, akaitungua wazazi wakiwa kanisani na kuipeleka kwa kijana mmoja wa Mlolongo mwenye kompyuta ili aitengeneze. Kijana alifanya kazi kwelikweli, suti ikawa ya buluu, nyuma kukaota maua, na mwanya wa mama ukazibwa. Alipoulizwa ile ya zamani ifanyweje, Mbinya alisema karatasi hiyo itupwe, haina kazi tena.

Jumapili ya tarehe 16 Desemba zawadi ilifunguliwa mbele ya wageni, vigelegele vikapigwa, na marehemu akaishika kwa muda mrefu, akaisogeza karibu na macho, akauliza kwa upole, "Mbinya, hawa ni akina nani?" Watu walicheka wakidhani ni mzaha. Mbinya hakucheka. Jioni baba yake alimuuliza ile nyingine iko wapi, naye akajibu kuwa iko salama Mlolongo, angeileta, na Jumatatu alipokimbia dukani kwa yule kijana aliambiwa kuwa takataka za wiki ile zilikwisha kuchomwa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, ya Mbinya ilikuwa ya miaka saba, maana baba hakuuliza tena, na binti hakusema. Kila alipokuja nyumbani aliukuta msumari ukutani, hauna kitu, hata ile picha mpya haikutundikwa, akapita ameinamisha kichwa.

Kuhusu kuugua kwake, mwaka 2016 marehemu alipatikana na presha ya macho, jicho la kushoto likazimika 2023, na kufikia mwaka jana la kulia liliona vivuli tu. Septemba mwaka huu figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara mbili hospitalini mjini Machakos, na Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akatutoka akiwa na umri wa miaka sabini na mitano. Mbinya alikuwa amepanga kumwambia ukweli Jumamosi ya wiki hiyo.

Jumatano wiki hii, kama ilivyo kawaida yetu kuipaka nyumba rangi kabla wageni wa mazishi hawajafika, kamati ilileta mafundi na rangi ya krimu, wakamaliza kuta tatu. Walipoufikia wa nne, mama, aliyekuwa ameketi na kina mama tangu msiba uanze, aliinuka, akaenda akaukinga ukuta kwa mgongo wake, akakataa kuondoka. Tulidhani ni uchungu. Kisha akamtuma Mbinya alete mkebe wa mafuta ya kupikia ulio chini ya kitanda.

Ndani mlikuwa na picha arobaini na sita. Kila tarehe 16 Desemba, kuanzia 1979, marehemu alikuwa ameipiga picha ile picha ya harusi pale ukutani, ikififia mwaka baada ya mwaka, suti ikiwa vumbi, kicheko cha mama kikibaki peke yake hadi 2017. Ile ya 2018 ni msumari na mahali palipokuwa na fremu, kijani chake kikiwa bado kibichi. Zinazofuata ni msumari huo huo, na kijani kile kikiliwa na jua polepole, kikikaribia kufanana na ukuta mzima. Ya mwisho, ya mwaka jana, imekaa upande kwa sababu hakuwa akiona, mama alimshika mkono akamwelekeza. Ndiyo hiyo iliyo juu ya jeneza.

Mbinya alimuuliza mama kama baba alijua. Mama akamjibu, "Alijua tangu wiki ile ile. Alisema mtoto asisumbuliwe, picha bado inaendelea."

Mbinya ameyageuza maneno hayo siku tatu, na bado hajui kama alisamehewa au kama baba yake hakuona kuwa kuna kosa la kusamehewa, na hajui lipi kati ya hayo lingemuuma zaidi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea maji na kuni bila kuombwa, mafundi wa picha wa Machakos waliokuja wote, Mama Kasyoka aliyempikia uji hadi wiki ya mwisho, mafundi wa rangi waliokubali kuacha kazi nusu, na hata yule kijana wa Mlolongo, ambaye alifanya alichotumwa.

Baba, ile picha ilichomwa, ni mimi niliyesema itupwe, nikakudanganya. Mwezi ujao tarehe kumi na sita nitakuja asubuhi na kamera yako, mama atanionyesha mahali pa kusimama, nami nitaupiga ukuta hata kama sitajua ninachokitazama. Pumzika sasa kwa amani, macho yako yamefanya kazi ya kutosha.