Yustino Nampota na Binti wa Chombo cha Pili

Kazi hii sikuiomba. Marehemu ameacha mke, na watoto wawili waliosoma mpaka chuo kikuu, lakini ilipofika kuandika wasifu wake wote wakanigeukia mimi dada yake, Duni, niliyejifunza kusoma ukubwani nikiwa na mtoto mgongoni. Mjane wake, Goreth, kasema Kiswahili chake ni cha Bujumbura, watu wa Masasi watamcheka. Fiacre na Ariane wakasema wao Kiswahili wanakisikia tu, hawakiandiki. Nikawaambia, basi mwandikieni baba yenu kwa Kizulu. Ariane akasema, "Shangazi, wewe ndiye uliyemjua toka mwanzo." Haya. Nimeandika, Ariane amechapa, na nimemkataza kuninyoosha maneno. Nitasoma mwenyewe. Nasoma polepole. Mwenye baridi ajifunike.

Marehemu Yustino Barnaba Nampota alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 kijijini Lulindi, Masasi, kusini mwa Tanganyika, akiwa mtoto wa mwisho wa Barnaba Nampota na mkewe Sesilia. Mimi nilikuwa na miaka minne. Nilipewa nimshike, nikamwangusha. Ile alama ya kidevuni mliyoiona jana mlipomuaga ni yangu.

Sasa lazima niseme ya nyuma kidogo, maana bila hayo hamtamwelewa. Babu wa baba yetu alitekwa akiwa mtoto, karibu na mto Ruvuma, yeye na dada yake, wa tumbo moja. Wakapelekwa Kilwa, wakauzwa, wakatiwa kila mmoja chombo chake. Chombo cha mvulana kilikamatwa na meli ya Waingereza, akapelekwa Unguja kwa wamisionari, wakambatiza Barnaba, baadaye akarudi nao Masasi. Chombo cha pili, kilichombeba dada yake, nacho kilikamatwa, lakini watu wake walishushwa Natal, huku Afrika Kusini. Hayo aliambiwa na mtu aliyewahi kuwa baharia. Mpaka anakufa, yule mzee kila akila alikuwa anatenga tonge moja pembeni ya sahani. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Marehemu alisoma shule ya Lulindi kuanzia mwaka 1959, kisha sekondari ya Chidya, akamaliza 1970. Mimi sikupelekwa. Nililelewa na bibi Hilda, binti wa yule mzee Barnaba, na bibi Hilda alihitaji mtu wa kumenya naye karanga. Yustino alikuwa akirudi likizo anasoma kila kitu, hata karatasi iliyofungia sabuni. Mama alikuwa anamwambia, "Wewe mtoto, siku moja utasoma mpaka ukuta."

Baada ya shule alijifunza kujalidi vitabu katika kiwanda cha kuchapa cha misheni. Mwaka 1995 alikuja Johannesburg, akapata kazi Fordsburg katika duka la Bwana Bakiri, ambaye namwona pale amesimama, nashukuru amekuja. Miaka ishirini na sita alishona na kugundisha misahafu ya madrasa, Biblia, na rejista kuukuu za ubatizo zilizoletwa na makanisa zikiwa zimeliwa na mende. Bwana Bakiri alikuwa anamtania, "Yustino, watu wanaleta kitabu kitengenezwe mgongo, wewe unakifungua tumbo." Marehemu anajibu, "Sheikh, daktari gani anashona bila kuangalia ndani?" Kazi zilikuwa zinachelewa, lakini wateja walirudi, maana kitabu alichokijalidi Yustino hakifumuki.

Tarehe 8 Desemba 2001 alifunga ndoa na Goreth, aliyekutana naye kanisani. Mungu akawajalia Fiacre na Ariane. Goreth ana haki ya kusema, na alisema mbele yangu: "Mimi niliolewa na mtu au na rejista?" Kwa sababu kila likizo, badala ya kupumzika, marehemu alipanda basi kwenda Natal, kwenye hifadhi ya nyaraka za serikali, anakaa wiki nzima anatafuta yule binti wa chombo cha pili. Jambo lake lilikuwa moja, na alilisema kila mahali, hata kwa watu aliosimama nao kwenye robot, taa za barabarani, wakisubiri kuvuka: apatikane mtu mmoja, mmoja tu, wa uzao wa yule binti, aje akae mezani kwetu ale lile tonge. Alipokutana na mgeni hamuulizi habari, anamuuliza ukoo. Watoto wake walikuwa wanajificha. "Eish, baba, si kila mtu ni ndugu yako." Naye anasema, "Umehakikisha?"

Alitafuta jina la Nampota. Ndilo jina la baba wa wale watoto wawili, wamisionari waliliandika, na sisi tunalo mpaka leo. Alilitafuta katika orodha za watu walioshushwa, katika ubatizo, katika ndoa, katika mawe ya makaburi. Hakulipata hata mahali pamoja.

Hapa sasa ndipo nilitaka mtu mwingine aandike.

Mwaka 2009 nilifiwa na mume wangu, marehemu akanileta hapa Mayfair nikae kwake. Wiki ya kwanza tu akanitandazia karatasi zake kitandani. Nikamwambia, "Mdogo wangu, bibi Hilda alinieleza mambo ya hawa watoto. Kaa nikwambie." Akacheka. Hakucheka vibaya, lakini alicheka. Akasema, "Dada, hayo ni ya kumenya karanga. Mimi nataka yaliyoandikwa." Nikafunga mdomo. Nikasema moyoni, atakuja kuniomba. Hakuja. Na mimi sikumpa. Miaka kumi na sita tumekula meza moja, yeye anapanda basi anakwenda, anarudi mikono mitupu, mimi nampakulia chakula nimenyamaza. Nilikuwa nangoja aniombe. Mbele ya jeneza lake nasema: nilikuwa nangoja aniombe.

Februari mwaka huu alianza kulalamika ubavu. Tarehe 3 Machi 2025 madaktari walisema ni saratani ya ini, na imeshatembea. Alikonda, macho yakawa na ukungu, hakuweza tena kusoma. Mwezi wa tano alilazwa. Hakuomba padri kwanza. Aliomba zile karatasi zake. Goreth alikuwa kazini, watoto kazini. Tulikuwa wawili.

Akasema, "Dada, nisomee."

Nikasema, "Mimi? Unajua ninavyosoma. Kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe."

Akasema, "Basi nivushe."

Ilikuwa ni orodha ya watoto walioshushwa, kurasa kumi na moja, aliyoinakili miaka mingi. Kiingereza sikijui, lakini jina ni jina, na Ariane alishanieleza kila safu ina nini: jina, umri, kabila, jina la baba. Yustino alikuwa ameipitia orodha ile pengine mara mia, kwa mbio za msomi, jicho linatafuta Nampota na kuruka mengine yote. Mimi siwezi kuruka. Mimi nikiruka napotea. Nilisoma kila jina kwa sauti, silabi baada ya silabi, alasiri nne mfululizo. Siku ya nne, tarehe 5 Juni, ukurasa wa saba, nikafika kwa msichana mmoja. Umri miaka kama kumi. Kabila Mmakua. Jina la baba: Lapone.

Nilirudia. La. Po. Ne.

Lapone si jina la baba wa mtu. Lapone ni nihimo, yaani ukoo wa mama. Sisi Wamakua ukoo unapita kwa mama, na zamani zile mtoto akiulizwa "Wewe ni wa nani?" hamtaji baba, anataja nihimo yake, maana hao ndio watu watakaokuja kumchukua. Karani akamuuliza mtoto wewe ni wa nani, mtoto akajibu kama alivyofundishwa, karani akaandika kwenye safu ya baba. Na bibi Hilda alinieleza, karanga zikiwa mkononi, kwamba baba yake mzee Barnaba na yule dada yake walikuwa Walapone. Yustino asingeweza kulijua hilo peke yake. Nihimo ya mwanamume haipiti kwa watoto wake. Yetu sisi ni ya mama yetu Sesilia, ni nyingine kabisa. Ya mzee Barnaba ilibaki kwa anayekumbuka. Aliyekumbuka ni mimi. Lilikuwa mdomoni mwangu miaka kumi na sita.

Sisemi ndiye. Walapone ni wengi. Nasema asiyetafuta kwa jina hilo hatampata kamwe.

Nilimwinamia nikamwambia. Nikamwambia yote, na nikamwomba radhi. Alikuwa amefumba macho, mpira wa hewa puani. Mkono wake nilikuwa nimeushika na haukukaza wala haukulegea. Muuguzi alipokuja aliniita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu, akauliza, "Analala tangu saa ngapi?" Sijui kama alisikia. Hakufumbua macho tena. Marehemu alifariki Ijumaa tarehe 6 Juni 2025, saa kumi jioni, akiwa na miaka sabini na minne.

Tangu siku ile Fiacre ametafuta jina la Lapone kwenye simu yake. Watu wenye jina hilo wako, Durban na hata hapa mjini. Amewaandikia kumi na mmoja. Tisa hawajajibu, mmoja kauliza kama sisi ni matapeli, mmoja kamfungia asimwandikie tena. Mimi nina miaka sabini na minane na kifua kibovu. Nikifa, hakuna mwingine aliyeyasikia hayo kwa bibi Hilda.

Marehemu ameacha mjane, Goreth, watoto wawili, Fiacre na Ariane, mjukuu mmoja, dada mmoja, ambaye ni mimi, na ndugu wa chombo cha pili, ambao hatujui idadi yao, wala kama wako hapa hapa makaburini wamesimama nyuma yenu.

Kwa hiyo geuza karatasi hii ya wasifu uliyogawiwa. Nyuma ni tupu. Walitaka kuweka picha ya maua, nikakataa. Andika jina lako, la mama yako, la mama wa mama yako, na la mama yake huyo kama unalijua. Usilolijua, mpigie simu mzee wenu leo, mwombe, pengine naye anangoja umwombe. Na kama kwenu, au kwa jirani, au kazini kwako, kuna mtu anayeitwa Lapone, andika anakaa wapi.

Yustino apumzike kwa amani, ameshachoka. Mimi nitakuwa kwenye kiti pale getini. Nina kalamu mbili. Usinipite bila kunirudishia karatasi.