Kipembe cha Fundi Desderius

Tarehe 30 Novemba 1957 Mzee Desderius Ndyamukama atazima injini ya ghala letu la kahawa hapa Nyabiyonza kwa mara ya mwisho, baada ya utumishi wa miaka ishirini na tisa. Mimi Yustus wa mizani nimeombwa kuandika wasifu wake kwa ajili ya sherehe. Nilikubali upesi kabla hawajampa mwingine, maana wengine wangeandika habari za injini tu, na gitaa wangeliwekea mstari mmoja mwishoni. Mimi siwezi kuvumilia jambo hilo.

Mzee Desderius ni mtu wa Igurwa, wa familia ya Kikatoliki ya wakulima wa migomba na kahawa. Alianza hapa mwaka 1928 akiwa mbeba magunia, siku ambazo ghala lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa Bukoba. Injini ya dizeli ilipoletwa miaka kumi baadaye na kuwashwa mara ya kwanza, watu wazima na ndevu zao walikimbilia migombani. Yeye alisogea karibu. Siku hiyo hiyo akakabidhiwa kitambaa cha kufutia mafuta, na kabla ya vita kwisha alikuwa ndiye fundi mkuu. Ushirika ulipolichukua ghala uliikuta injini ikinguruma vizuri na Desderius amesimama kando yake, ukawachukua wote wawili.

Kazini alikuwa mkali. Hakuruhusu mtu mwenye nguo ya kupepea kuukaribia mkanda wa mashine. Mimi mwenyewe nilifukuzwa mlangoni kwa sababu ya koti la marehemu baba yangu, nikarudi nyumbani nimenuna. Lakini kwa miaka yote aliyosimamia mashine ile hakuna mfanyakazi aliyepoteza hata ukucha, na kwa hilo wake zetu wanamshukuru kuliko sisi.

Sasa tuje kwenye gitaa. Mwaka 1946 Aristides, mkoboaji mwenzetu, alirudi kutoka vitani na gitaa, gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, na santuri chache za waimbaji wa Kiamerika. Alituambia hao ni wachunga ng'ombe. Habari hiyo iliwafurahisha sana wazee wa Karagwe, ambao wanajua mchungaji wa kweli huwasifu ng'ombe wake kwa majina. Walikaa kimya mbele ya gramafoni wakingoja kusikia sifa za pembe na rangi, na mzee mmoja wa Bweranyange aliapa kwamba amesikia ng'ombe mwekundu akitajwa. Kiingereza hakukijua hata neno moja.

Desderius yeye hakuhangaika na maneno. Alisikiliza nyuzi. Nene zilikuwa zikipigwa kwa nguvu, kavu, kama mtu anayegonga mlango, na juu yake nyembamba zilikuwa zikiimba laini kwa wakati ule ule. Yeye na Aristides wakakata shauri kwamba wapigaji ni wawili. Desderius akachonga gitaa lake kwa mbao, akalifunga waya za breki za baiskeli, kisha wakagawana kazi. Desderius alipiga nyuzi nene kwa kipande cha pembe ya ng'ombe alichokilainisha mpaka kikatosha kati ya kidole gumba na cha shahada. Tulikiita kipembe. Aristides alidonoa nyuzi nyembamba kwa vidole vitupu. Mimi nilipiga ngoma, Anatolia wa kuchambua kahawa aliimba, na ghala likawa na bendi. Tulipewa chumba kimoja nyuma ya ghala kiwe klabu ya wafanyakazi, na kwa miaka kadhaa hakuna harusi kutoka hapa hadi Igurwa iliyoona inafaa bila sisi.

Mapema mwaka 1952 Aristides akahamishiwa Bukoba. Tulijaribu kupiga na gitaa moja. Nasema ukweli, ilikuwa aibu. Desderius akishika nyuzi nene, wimbo ulikuwa mgongo bila uso. Akihamia nyembamba, wachezaji walisimama wakiangalia miguu yao. Jumamosi moja watu waliondoka mmoja mmoja, kwa adabu, wakisingizia mvua ambayo haikunyesha.

Meneja wetu, Bwana Kamugisha, si mtu mbaya. Ni Mlutheri wa kutoka Muleba anayependa utaratibu, na mwaka ule mavuno yalikuwa makubwa. Alituita akasema wazi: chumba kinakaa kitupu na magunia yanalala nje. Sikukuu ya kufunga msimu itakuwa mwezi wa Oktoba. Bendi ikipiga na watu wakacheza mpaka mwisho, chumba ni chenu. Ikishindikana, Jumatatu yake nitaingiza magunia. Desderius alijibu kwa heshima, "Sawa, waitu," akarudi kwenye injini yake. Chumba kile alikuwa amekijenga kwa mikono yake kwa muda wake wa mapumziko. Naye alifahamu kwamba fundi mwenye umri wake hatapata kingine.

Katikati ya mashaka hayo mkanda wa mashine ukakatika. Alitumwa Kyerwa, kwenye migodi ya bati, aazime mwingine. Huko alimkuta fundi mmoja wa Kizungu amekaa barazani na gitaa, akipiga wimbo wa aina ile ile ya wachunga ng'ombe, peke yake. Desderius alitazama nyuma ya mlango kumtafuta mwenzake. Hakuwapo mtu. Ndipo alipoangalia mkono wa kulia wa yule bwana: kidole gumba na cha shahada vilishika kipande cha kupigia, vikigonga nyuzi nene, na kwa wakati huo huo kidole cha kati na cha pete vilikuwa vikidonoa nyembamba. Miaka sita tulikuwa tumeukata mkono wa mtu mmoja nusu kwa nusu, tukampa kila mtu kipande chake! Desderius alimwomba arudie, akarudiwa, akaomba tena. Kisha akapanda lori kurudi, uso unang'aa, na mkanda akausahau barazani. Injini ililala siku nzima zaidi. Ndilo kosa pekee la kazi ninaloweza kumsingizia, na simsingizii, ni kweli.

Kujua si kuweza, na hapo ndipo nilipomwona Desderius alivyo. Kila kidole cha kati kilipoinuka, kipembe kilianguka. Alipokibana sana, mkono wote ulikakamaa na nyuzi zikanguruma ovyo. Akaona kwamba vile vidole viwili vinapaswa kujifunza kushika bila kufikiri, na vingine viwili kufanya kazi bila kuomba ruhusa. Kwa hiyo akachukua punje ya kahawa, akaibana kati ya kidole gumba na cha shahada, akakaa nayo kutwa. Aliishika akitia mafuta injini. Aliishika akila ndizi. Wakati wa mapumziko alikaa na akina mama wa kuchambua kahawa, akiokota punje mbovu kwa kidole cha kati na cha pete tu, na ile yake haidondoki.

Sasa kila mtu anajua desturi yetu: mgeni hukaribishwa kwa punje za kahawa za kutafuna, na kuzikataa ni utovu wa adabu. Basi watu waliokuja kumsalimu walimwona amenyoosha mkono wenye punje kati ya vidole. Waliitwaa kwa heshima, wakashukuru, wakaitafuna. Ilikuwa kahawa kavu ya ghalani, haijachemshwa, ngumu na chungu, na hakuna aliyethubutu kuitema mbele yake. Yeye alichukua nyingine akaendelea. Katekista mmoja alisifu ukarimu wake hadharani, huku akishika shavu.

Mkewe, Mama Xaveria, alikuwa na hofu nyingine. Aliona mkono wa mumewe umekunjika usiku na mchana, hata usingizini, akaamini ni ugonjwa. Alimpeleka zahanati ya misheni bila kumwuliza. Sista alimwamuru aufungue mkono, punje ikaanguka mezani, na Mama Xaveria akamwita mama yake kwa Kihaya, "Mawe! Mwanaume mzima, kumbe unacheza!" Njia nzima ya kurudi alimtangulia. Lakini jioni hiyo, kwa kauli yake mwenyewe, alimsikia akipiga uani, akaacha kumenya ndizi akaja kukaa karibu. Tangu hapo alimkatazia mtu yeyote kumpa mumewe jembe, asije akavunja kucha.

Kucha zilikuwa jambo kubwa. Kipembe kinatoa sauti kali, vidole vinatoa sauti ya chini, na nyuzi nyembamba zilikuwa zikimezwa. Alizifuga kucha mbili, akajifunza kukipiga kipembe kwa upole. Kwanza polepole: kipembe, kidole cha kati, cha pete. Kisha haraka. Kufikia Septemba nilikuwa nikikosa pigo la ngoma kwa sababu ya kumtazama.

Sikukuu ikafika, Jumapili baada ya ibada. Wakubwa wa ushirika walikuja kwa lori kutoka Bukoba, na Aristides alipewa nafasi nyuma. Uwanja ulijaa, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikagawiwa. Tulianza wimbo wa kwanza. Halafu nyuzi nene zikagonga, nyembamba zikapanda juu yake, na akina mama wa kuchambua kahawa wakaingia uwanjani wakipiga vigelegele. Hawakutoka. Anatolia aliimba mpaka sauti ikakauka, akabaki kucheza. Mzee wa Bweranyange, yule wa ng'ombe mwekundu, alitupa fimbo yake pembeni.

Aristides alikuwa bado kando ya lori, akisikia magitaa mawili bila kutuona. Tulimwona akisukuma watu, uso umekunjamana. Alinifikia mimi kwanza, akanipigia kelele sikioni katikati ya wimbo: "Yustus, nani amechukua nafasi yangu? Nionyeshe!" Nilimwonyesha kwa kidevu. Alitazama kushoto kwa Desderius, akatazama kulia kwake. Kisha akautazama ule mkono. Alivua kofia, akasimama nayo kifuani mpaka wimbo ulipokwisha, halafu akamkumbatia na gitaa lake pamoja. Wote wawili walilia, na mimi pia, sioni sababu ya kuficha.

Jua lilipokuwa likizama Bwana Kamugisha alikuwa uwanjani anacheza, koti amelivua. Jumatatu magunia yalijengewa banda jingine.

Yapo mengine: wakoboaji aliowafundisha na leo ni mafundi Bukoba na Kyerwa, mashine ya pili aliyoifunga bila kusaidiwa na mtu, na watoto sita aliowasomesha pamoja na Mama Xaveria. Yote hayo yatasomwa na wakubwa. Mimi nina taarifa moja ya mwisho. Mzee alipotangaza kustaafu tuliagizwa kutafuta watu wa kushika nafasi zake. Kwenye injini tumempata mmoja, na anatosha. Kwenye gitaa tumechukua wawili, na Jumamosi iliyopita hata hao wawili walimaliza wimbo mmoja ametangulia na mwingine yuko nyuma.

Asante, Mzee Desderius, kwa mikono yetu uliyoilinda na kwa furaha uliyotupa. Wafanyakazi wote wa ghala tunakuombea wewe na Mama Xaveria afya, amani na migomba yenye mikungu mizito. Pumzika salama, baba yetu, ila jembe usishike.