Maneno Kumi na Mawili Ndani ya Biblia Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na mdomo huu wangu uliokaribia kuapa uongo.

Mnanijua. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Githongo, na kahawa yangu iko pale chini ya shule. Lakini kuna mambo yangu hamjui, na leo nimechoka kuyaficha.

Shemeji yangu Mwenda, ndugu ya mke wangu, alikuja kwangu akaomba kitambulisho changu afungue pochi ya kripto, zile pesa za mtandaoni zisizoshikika kwa mkono. Pochi hiyo inafunguliwa kwa maneno kumi na mawili ya siri. Akaniambia, "Shemeji, yaweke wewe. Nani atapekua mzee wa kanisa?" Sikuuliza pesa zilitoka wapi. Sikuuliza kwa sababu nilijua jibu halingenipendeza! Alikuwa ananitumia kitu kidogo, nikala, nikanyamaza.

Maneno yale niliyaandika kwa penseli ndani ya Biblia yangu ya Kimeru, moja moja, pembeni mwa kurasa. Biblia hiyo hiyo niliyowasomea mkiwa mmeketi hapo. Ee Mungu wangu! Natafuta Zaburi, macho yanatua kwanza kwa penseli.

Kisha Mwenda akashikwa. Kumbe yeye na wenzake walikuwa wanapigia watu simu, wanawaibia, halafu wanageuza pesa kuwa kripto. Nikajipa moyo: serikali itachukua nini? Si shamba, si ng'ombe. Nilikuwa mjinga! Sheria inairuhusu kwenda kortini ikaomba mali ya uhalifu izuiwe, hata hiyo ya mtandaoni, na mwishowe ichukuliwe. Anayesema ni yake anaitwa mbele ya jaji aeleze aliipataje. Na pochi ilikuwa kwa jina langu.

Mwenda akatuma neno kutoka rumande: niseme ni pesa za kahawa. Kahawa gani, jamani? Si mnaiona! Kwa malipo yake hata choo sijaezeka. Na bado nilikubali. Nikavaa koti la Jumapili, nikateremka Embu kwenda kuapa.

Kwa benchi nje ya korti nilikaa karibu na mama mmoja wa Gachoka. Alikuwa amefunga viazi vitamu kwa gazeti. Akanitazama, akauliza, "Baba, hata wewe hawa kina Mwenda walikuibia?"

Nikainamisha kichwa. Akadhani ni uchungu. "Pole sana," akasema. "Mimi niliuza mbuzi wote ndio mzee wangu apasuliwe. Mtu akapiga simu, akasema ni wa hospitali, pesa nitume kwake. Nikatuma." Halafu akanikatia kiazi. Na nikakila, ndugu zangu! Nilikula chakula cha mtu niliyewafichia wezi wake.

Jina langu likaitwa. Niliingia, nikamwambia jaji, "Pesa hizi si zangu." Biblia nikampa mpelelezi, nikamwonyesha kurasa. Wakili wangu alinitazama kama mwendawazimu. Lakini kile kitu kilichokuwa kimenikaba miezi yote hiyo, Bwana alikitoa pale pale! Nilipumua.

Mama naye alikuwa ameingia, akasikia yote. Nilimfuata nje nikapiga magoti kwa vumbi. Akalia sana. Akasema, "Nimekusamehe, baba. Lakini mzee wangu tulimzika."

Korti ilichukua kripto ile, na waliothibitisha kuibiwa watarudishiwa. Mama ni mmoja wao. Mbuzi atanunua, mume hatanunua. Ningesema mapema, labda angepasuliwa. Labda hapana. Sijui, na itanibidi niishi bila kujua.

Uzee wa kanisa nimemrudishia mchungaji. Kesi yangu mwenyewe bado inaendelea, na hukumu ikija nitaipokea. Msinionee huruma, niombeeni.

Namshukuru Mungu kwa kuniokoa na kiapo kile. Na wewe unayenisikiliza, kama umemwekea mtu kitu ambacho hukutaka kuuliza kilitoka wapi, uliza leo. Mwamini Yesu, usiogope jibu. Mimi alinipokea kortini, nimeshachelewa. Wewe akupokee ukiwa nyumbani, wakati anayeihitaji mali hiyo bado yuko hai.